Nyumba ya mawe ya Jambiani: shajara ya ukarabati kwa chokaa, Julai 2023 hadi Mei 2024

29 Julai 2023: Jengo na mahali pake

Jengo liko mwisho wa kusini wa Jambiani, Unguja, upande wa bara wa barabara ya Makunduchi. Ni mita 9 kwa 6, vyumba viwili na ukumbi. Kuta ni za mawe ya uwanda, yaani mawe ya matumbawe ya kale ya nchi kavu, yaliyojengwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene sentimita 50, kimo mita 2.7 hadi kwenye mtambaapanya, boriti ya juu ya ukuta inayobeba paa. Paa la asili lilikuwa la makuti. Baadaye yakawekwa mabati, na hewa ya chumvi imeyala mpaka ukiwa ukumbini unaona mbingu. Kikundi cha akina mama wa mwani kinalitaka liwe ghala la mwani mkavu na mahali pa kukutania.

Tunaandika ili wenye nyumba kama hii Paje, Bwejuu, Mtende, Kibuteni, Muyuni na Kizimkazi wafuate kilichofaa na wakwepe kilichoshindwa. Nyumba hizi zinavunjwa moja moja kwa maelezo kwamba kuta zimechoka. Kwa tulivyopima, kinachoiumiza hii ni plasta ya saruji iliyopigwa ndani na nje: imezifunga kuta, na maji hayana pa kutokea.

Unyevu umepanda mita 1.1 kwenye ukuta wa mashariki unaotazama bahari, na sentimita 70 kwenye ukuta wa magharibi. Ukigonga plasta kwa mpini wa nyundo, pale ilipoachana na jiwe inalia wazi. Kila palipolia tumetia alama ya mkaa, na zaidi ya nusu ya ukuta wa mashariki sasa ni alama tupu. Ardhi ya nje nayo imepanda. Ua umejazwa mchanga mwaka hadi mwaka, na sakafu ya ndani imebaki chini ya ua kwa sentimita 12, kwa hiyo kila mvua inaelekea ndani.

Ratiba yote inapangwa na mvua na pepo. Chokaa ichomwe kusi, msimu wa upepo wa kusini, wakati kuni na mawe ni makavu. Paa liwe juu kabla ya vuli. Chokaa ilale shimoni vuli yote, ipakwe kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, na kila kitu kiishe kabla ya Ramadhani ya Machi 2024, kwa sababu masika inafuata papo hapo. Hatukuanza kabla ya hapa, maana siku za Mwaka Kogwa, sherehe za mwaka mpya za Makunduchi mwezi Julai, huwezi kumpata fundi wa Makunduchi.

Vifaa vinatoka vijiji vya jirani, na kila kimoja kina sharti lake. Mawe ya kujazia yanaokotwa uwandani, njia ya kwenda Pango la Kuumbi, lakini si karibu na pango lenyewe: wenyeji wanalienzi, na pia ni eneo la akiolojia lililotoa zana za mawe za watu wa kale. Udongo mwekundu uko kwenye mifuko baina ya majabali hukohuko. Boriti mpya za mikoko tumeziacha. Mikoko ya Ghuba ya Chwaka, iliyo mingi kuliko yote Unguja, imo ndani ya hifadhi ya taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka tangu 2004. Tutatumia boriti kuukuu za nyumba zilizobomolewa, na miti ya mvinje ya kupandwa kwa paa. Makuti yatatoka Makunduchi na Bwejuu. Mchanga utaletwa kwa gari kutoka mashimo ya kaskazini. Wa ufukweni ni marufuku kuchota, na hata ungeruhusiwa, chumvi yake ingetuharibia kazi yote.

12 Agosti 2023: Kubandua saruji

Plasta ilikuwa na unene wa milimita 25, na kwenye kona ilifika 40. Imetoka zaidi ya tani 3 za kifusi nje peke yake. Palipokuwa pamelia wazi ilidondoka kwa kugusa tindo. Palipokuwa pameshika ndipo pagumu, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko mota ya chini yake na kuliko baadhi ya mawe: ukipiga kwa nguvu, jiwe linatoka nayo.

Njia iliyofaa ni kuanza juu kushuka chini, tindo nyembamba ikilazwa karibu sambamba na ukuta, na nyundo ya kilo 1. Nyundo kubwa tuliipiga marufuku baada ya kona ya kaskazini-mashariki kupoteza mawe manne. Palipogoma kabisa tulikata mistari ya mraba wa sentimita 20 kwa msumeno wa umeme wenye diski ya mawe, kina kisizidi unene wa plasta, kisha tukabandua kipande kimoja kimoja. Vumbi ni kali. Barakoa ya kitambaa haitoshi.

Nyuma ya saruji mota ya zamani ilikuwa majimaji kiasi cha kuchoteka kwa kidole. Siku chache baada ya kupata hewa, mawe yalianza kutoa unga mweupe. Hiyo ni chumvi, na inafagiliwa ikiwa kavu kwa brashi ya makumbi, ikazolewa na kutupwa mbali na jengo. Asije mtu akauosha ukuta: maji yanaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani, na wiki ya pili inatoka tena palepale.

Viungo vilivyooza tulivikwangua hadi kina cha sentimita 4, visizidi hapo, na kamwe si pande zote mbili za ukuta kwa wakati mmoja. Ukuta wa namna hii una ngozi mbili za mawe na kifusi katikati. Ukizilegeza zote pamoja, tumbo linatoka.

2 Septemba 2023: Maji ya chini

Hakuna plasta itakayoishi kama ua uko juu ya sakafu. Tumeshusha ardhi kuzunguka jengo lote hadi sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, kwa upana wa mita 1.5, na mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita ukielekea nje. Uchimbaji ulikwenda kwa vipande vya mita 2, kimoja kikifungwa ndipo kingine kifunguliwe. Ni vizuri tulifanya hivyo, kwa sababu msingi wa magharibi uko sentimita 20 tu chini ya ardhi mpya, umekaa moja kwa moja juu ya jabali.

Chini ya ukingo wa paa, sentimita 60 kutoka ukutani, umechimbwa mfereji wa upana wa sentimita 30 na kina cha 30, ukajazwa kokoto za kifusi kilichochekechwa. Kifusi cha mota ya zamani kinafaa hapa. Kifusi cha saruji tumekipeleka kwenye shimo la barabara, mbali na kuta.

Pendekezo la kumwaga zege kuzunguka jengo lilikuja mara kadhaa, na jibu letu ni lile lile. Zege ya pembeni inazuia ardhi kukauka, na maji yaliyo chini yake yanatafuta njia ya juu kupitia ukutani.

23 Septemba 2023: Tanuu

Tanuu ni la duara, kipenyo mita 3, magogo ya minazi mikongwe na miembe iliyoanguka yakipangwa kama miale kutoka katikati hadi kimo cha mita 1.2. Katikati limeachwa tundu la kuwashia. Juu yake sentimita 45 za mawe yaliyovunjwa ukubwa wa ngumi, jumla karibu mita 3 za ujazo. Mawe ni ya nchi kavu. Matumbawe ya baharini hatukuyagusa.

Moto uliwashwa jioni, ukawaka usiku kucha na kutwa ya pili. Shida ilikuwa kusi. Upepo uliingia upande wa kusini-mashariki, magogo ya upande huo yakaisha haraka, na mawe yake yakapoa kabla ya kuiva. Karibu theluthi moja ya mawe yalitoka mabichi. Ungekuwepo ukingo wa mabati makuukuu upande wa upepo, kimo cha mita 1.5, ukisimama mita 2 kutoka kwenye tanuu, hasara ingepungua sana. Mabati hayo yalikuwa yamelazwa juu ya jengo hilohilo. Atakayechoma baada yetu aanze na ukingo.

Kutenganisha jiwe lililoiva na bichi kuna dalili mbili. La kwanza ni uzito: jiwe safi la chokaa likiiva linapoteza hewa yake na kubaki na asilimia 56 tu ya uzito, kwa hiyo mkononi unalihisi jepesi kuliko ukubwa wake. La pili ni ndimu. Vunja jiwe, kamulia tone katikati. Kiini kibichi kinatoa povu, kilichoiva hakitoi. Ndimu hiyohiyo inafaa dukani: chokaa ya unga ikitoa povu jingi, ujue imekaa muda mrefu na kupigwa na hewa hadi ikarudi kuwa jiwe. Hiyo haishiki tena, usiinunue.

Kuzima tulizimia kwenye dumu la lita 200 lililokatwa. Maji kwanza, theluthi ya dumu, kisha mawe kidogo kidogo huku mtu anakoroga kwa mti mrefu. Ukimwaga maji juu ya rundo la chokaa, linaruka usoni. Miwani ya kufunika macho ni lazima, mikono ipakwe mafuta ya nazi kabla ya glavu, na ndoo ya maji safi isimame karibu kwa ajili ya macho. Uji ukishapoa unachujwa kwa wavu wa milimita 3 na kumiminwa kwenye shimo lililojengewa mawe, ukae chini ya sentimita 10 za maji. Tulipata kiasi cha mita za ujazo 2.5. Hesabu yetu ilihitaji 2.3.

Maji ya kuzimia yawe matamu. Visima vya karibu na ufuo wa Jambiani vina chumvichumvi. Tulitumia maji ya bomba, na siku yalipokatika kazi ilisimama. Heri kusimama.

Wapita njia wengi wameuliza mayai yanatiwa lini, kwa kuwa ndivyo inavyosimuliwa kuhusu majengo ya kale. Humu hayakutiwa. Chokaa hii inataka muda wa kulala, mchanga msafi na unyevu baada ya kupakwa.

14 Oktoba 2023: Linta na paa

Linta, yaani boriti za juu ya milango na madirisha, tatu kati ya nane zilikuwa zimeoza, zote upande wa mashariki, na zote kwenye ncha zilizozikwa kwa saruji. Katikati boriti zilikuwa nzima kabisa. Kila linta ni boriti nne zilizolazwa bega kwa bega katika unene wa ukuta. Tulitoa mbili za nje kwanza, tukaweka mpya, tukakaza kwa vipande vya mawe bapa na mota ya chokaa, tukasubiri wiki, ndipo tukatoa mbili za ndani. Ncha zinalalia ukuta kwa sentimita 25 kila upande, na ncha zimeachiwa nafasi ya kidole nyuma yake ili zipate hewa. Boriti kuukuu hupimwa kwa msumari: ukizama zaidi ya milimita 5 kwa kusukuma kwa mkono, irudishe ilikotoka.

Kwa paa, mzigo mmoja wa mvinje ulifika na magome yake. Ndani ya siku chache unga wa dumuzi, mdudu mla miti, ulikuwa umejaa chini. Miti iliyotobolewa sana ilikataliwa. Iliyobaki ilimenywa na kulazwa baharini kwa wiki tatu, ikakandamizwa kwa mawe isielee na maji ya bamvua, kisha ikakaushwa kivulini. Agiza mvinje iliyokwisha kumenywa, na uikague ikiwa bado kwenye gari.

Mengine ni ya kawaida. Makombamoyo, miti ya paa inayoshuka kutoka mgongoni hadi ukingoni, 36 kwa nafasi ya sentimita 60, mwinamo wa nyuzi 45, ukingo ukitoka sentimita 60 nje ya ukuta. Fito kila sentimita 12. Makuti 1,400. Mwinamo ukiwa mdogo kuliko huo, maji hayakimbii na makuti yanaoza mapema. Kufunga ni kwa kamba za makumbi, zile zinazosokotwa hapa baada ya makumbi kuzikwa ufukweni miezi kadhaa. Misumari kwenye mti uliolala baharini haidumu.

Kuta zikiwa chini ya paa, nusu ya chini ya ukuta wa mashariki imepigwa plasta dhaifu ya kufyonza chumvi: chokaa 1 kwa mchanga 4, unene milimita 10, ndani na nje. Itavunjwa Desemba pamoja na chumvi itakayokuwa imeingia humo.

18 Novemba 2023: Majaribio wakati wa vuli

Vuli hii ni ya El Niño, mvua haipumziki. Paa limekaa vizuri. Mfereji wa kokoto ulifurika upande wa kaskazini tu, ulipokuwa umezibwa na majani, umefunguliwa.

Mchanga wa gari la kwanza ulipimwa kwa chupa: nusu mchanga, nusu maji na chembe ya chumvi, tikisa, iache usiku mmoja. Tope lililokaa juu lilikuwa karibu moja ya sita ya kimo cha mchanga. Ikizidi moja ya kumi, plasta itapasuka. Mchanga wote ulioshwa kwa maji mawili kwenye mapipa, ukaanikwa. Gari la pili lilikuwa safi zaidi.

Kwenye ukuta wa nyuma, chini ya paa, vimepakwa viraka vya mita 1 ya mraba kwa michanganyo tofauti. Chokaa 1 kwa mchanga 2 ilipasuka nyufa za nywele ndani ya siku tatu, maana chokaa ikizidi inasinyaa. 1 kwa 4 haikupasuka, lakini ukiisugua kwa kiganja inatoka vumbi. 1 kwa 3 imekaa. Mchanganyo huo huo ukipakwa milimita 20 kwa mkono mmoja, yaani mpako mmoja, ulipasuka tena. Kwa hiyo milimita 12 mkono wa kwanza, 8 wa pili, na si chini ya wiki mbili katikati yake.

Kwa sentimita 60 za chini, panaporuka matone ya mvua, tumeongeza vigae vya vyungu vilivyovunjwa, vilivyotwangwa na kupitishwa kwenye chujio la unga: chokaa 1, vigae nusu, mchanga 2 na nusu. Vigae vilitoka Fumba, kwa wafinyanzi wenye vyungu vilivyopasuka. Udongo uliochomwa hivyo unaifanya chokaa ishike hata mahali penye unyevu, ambako chokaa peke yake inachelewa sana. Kiraka cha vigae kilikuwa kigumu kuliko vyote baada ya wiki mbili, na bado kinanyonya tone la maji ukilidondosha juu yake. Hivyo ndivyo tunavyotaka: kigumu, lakini hakijaziba.

30 Desemba 2023: Mkono wa kwanza, na ukuta ulioshindwa

Plasta ya kufyonza imetoka ikiwa na ganda la chumvi upande wa juu. Imezolewa yote. Viungo vimejazwa kwa mota ya 1 kwa 3, mashimo makubwa yakizibwa kwa vipande vya mawe kwanza, kwa sababu mota nene peke yake inasinyaa na kuachana na jiwe.

Kuta za kaskazini na magharibi zimeshika. Ukuta wa mashariki umeshindwa. Ulipakwa asubuhi siku ya kaskazi kali, magunia yakatundikwa, lakini upepo wa mchana uliyang'oa na hayakurudishwa hadi jioni. Plasta ilikauka kabla ya kushika. Kwa macho ilikuwa nzuri, nyeupe, haina ufa hata mmoja. Ukiikwaruza kwa ukucha inashuka kama unga, na ukiinyunyizia maji inalainika. Chokaa hushika kwa kuvuta hewa ikiwa na unyevu. Ikishakauka inasimama hapo ilipofika.

Mita za mraba 22 zimekwanguliwa. Zimepakwa upya kwa mpango huu. Ukuta unaloweshwa jioni ya kuamkia kazi na tena asubuhi, mpaka jiwe liache kunywa lakini lisiwe linang'aa maji. Upande wa mashariki unapakwa kuanzia saa 9 alasiri, kivuli kikishageuka. Mota inarushwa kwa mwiko kwa nguvu, isipakwe kwa kusukumwa, ili iingie kwenye vinyweleo vya jiwe. Magunia ya katani yanafungwa juu kwenye mtambaapanya na chini kwa fito yenye mawe, yakiwa sentimita 10 mbele ya ukuta, yakiloweshwa asubuhi, adhuhuri na alasiri kwa siku saba. Mtu mmoja amepewa kazi hiyo peke yake na analipwa kwa hiyo. Hapa ndipo kazi nyingi za chokaa zinapofia: fundi anaondoka, na ukuta hauna wa kuutazama.

10 Februari 2024: Mkono wa pili, niru na sakafu

Mkono wa pili ulikwenda bila tatizo. Nyufa ndogo zilizotokea siku ya pili zilifungwa kwa kusugua tena kwa kibao cha mti plasta ikiwa ngumu kama jibini bichi. Usiisugue kwa mwiko wa chuma. Unang'arisha uso na kuufunga.

Nje imepakwa maji ya chokaa mikono mitano, myepesi kama maziwa, ukuta ukiwa na unyevu kila mara. Mikono miwili mizito inabanduka kama karatasi. Wengi hutia chumvi kwenye maji ya chokaa ili yashike rangi. Kwa jengo tulilotumia miezi kulitoa chumvi, hapana. Ndani, ukumbini, imepigwa niru, mpako laini wa mwisho, nyembamba ya milimita 3 kwa chokaa iliyolala kuanzia Septemba. Anayetaka kuona kazi kama hii inavyozeeka aende Msikiti wa Dimbani, Kizimkazi, nusu saa kwa gari kutoka hapa. Maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) ya ukuta wa kibla yanataja mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na jengo lilikarabatiwa tena karne ya 18. Aangalie jinsi jiwe na chokaa vilivyokaa pamoja, kimoja kikiwa laini kuliko kingine, na viraka vya enzi tofauti vikisomeka bila kuumizana.

Sakafu: mawe mabichi ya tanuu yamepata kazi yake hapa, ndani ya sentimita 15 za kokoto bila mchanga, zikazuia maji kupanda. Juu yake sentimita 8 za chokaa, vigae na kokoto ndogo, zikipigwapigwa kwa vibao kwa siku tatu hadi maji yakome kutokeza juu.

2 Machi 2024: Gharama

Hizi ni shilingi tulizolipa, si makadirio. Makuti 1,400 kwa 700: 980,000. Miti ya mvinje 44: 396,000. Fito mizigo 15: 180,000. Kamba: 120,000. Boriti kuukuu 12: 180,000. Tanuu lote, magogo na usafiri: 650,000. Mchanga gari mbili: 600,000. Maji, magunia, vigae na mizigo midogo: 310,000. Mafundi na vibarua: 3,900,000. Jumla 7,316,000.

Zaidi ya nusu ni mikono ya watu, na sehemu kubwa ya fedha hiyo imebaki Jambiani na Makunduchi. Kubandua saruji peke yake kulikula karibu robo ya malipo ya mafundi. Nyumba ambayo haijawahi kupakwa saruji itagharimu kidogo kuliko hii. Kuni za tanuu moja, mawe yote yakiiva, zinatosha jengo moja na nusu, kwa hiyo majirani wawili wakichoma pamoja wanapunguza gharama na kuni. Chokaa iliyozidi haiharibiki ikifunikwa maji.

18 Mei 2024: Baada ya masika na Hidaya

Kimbunga Hidaya kilitua Mafia tarehe 4 Mei, na hapa tulipata upepo na mvua ya kulala. Makuti ya mgongo wa paa yalifunuka urefu wa mita 2, ambapo kamba zilifungwa fundo moja badala ya mbili. Yamerudishwa, na mgongo mzima umefungwa upya kwa fundo mbili. Kuta hazikupoteza kitu.

Unyevu wa ukuta wa mashariki sasa unaishia sentimita 35, kutoka mita 1.1. Hautaisha kabisa, jengo liko karibu na bahari, lakini unatoka nje kupitia plasta na ukuta unakauka baada ya mvua.

Kasoro moja imejitokeza ndani, nyuma ya mlango wa ghala: kiraka cha nusu mita kinatoa unga. Mwani mkavu ulirundikwa pale ukiegemea ukuta. Mwani una chumvi nyingi na unavuta unyevu wa hewa, hasa masika, na chumvi hiyo inahamia kwenye plasta moja kwa moja. Zimetengenezwa chanja za fito, kimo cha sentimita 30 kutoka sakafuni, na kamba imevutwa sentimita 30 kutoka ukutani kuonyesha mwisho wa rundo. Kiraka kitakwanguliwa na kupakwa upya kusi ikianza, baada ya chumvi kufagiliwa ikiwa kavu.

Kilichobaki ni matunzo. Mfereji wa kokoto ufunguliwe majani kila Februari na kila Septemba. Maji ya chokaa mikono miwili nje kila mwaka kabla ya masika. Mgongo wa paa ukaguliwe kila mwaka, na makuti yaezekwe upya baada ya miaka mitano hadi saba. Shimoni zimebaki ndoo tisa za lita 20 za chokaa iliyolala, chini ya maji. Ndoo tatu ni za matunzo ya jengo hili. Sita zinaweza kuchukuliwa na mwenye nyumba ya mawe wa kijiji chochote cha jirani atakayeanza kazi kusi hii, kwa sharti kwamba saruji iwe imekwisha kubanduliwa na ua umekwisha kushushwa.